Ncha ya Risasi: Kutoka Gobori la Ujiji Hadi Sheria ya Kampala

Mwezi Novemba 1871 mtumbwi mmoja mrefu uliondoka Ujiji kuelekea kaskazini. Mwenyewe alikuwa Said bin Majid, mfanyabiashara Mwarabu mkazi wa Ujiji, naye aliwaazima wageni wawili: David Livingstone na Henry Morton Stanley. Wapiga makasia 16 waliufuata ukingo wa Urundi, mashariki ya ziwa, huku milima ya Mitumba ikionekana ng'ambo. Safari ilikuwa na swali moja tu. Je, mto Rusizi unaingia katika Ziwa Tanganyika au unatoka?

Watu wa Uvira, kwenye pembe ya kaskazini-magharibi ya ziwa, walikuwa na jibu tangu zamani. Aprili 1858 Richard Burton na John Speke walifika Uvira, wakakwama hapo kwa sababu wapiga makasia wao walikataa kwenda mbele zaidi. Wana watatu wa mtawala Maruta waliwaambia waziwazi kwamba Rusizi unaingia ziwani. Ilichukua miaka 13 mpaka Wazungu wengine wawili waje kuliona kwa macho jambo walilokuwa wameshaambiwa. Livingstone na Stanley walipita katikati ya mafunjo ya mdomo wa mto, wakakuta maji yakisukuma kuingia ziwani, wakageuka.

Historia ya safari hiyo husimuliwa kwa mto na kwa majina ya wazungu hao wawili. Nataka kuisimulia kwa kitu kidogo kuliko jino la mtoto, nacho ni ncha ya risasi. Katika pwani hii ya kaskazini ya Tanganyika, watu wamepigwa na risasi za kila umbo: za mviringo, butu, bapa, na zenye ncha kali kama mwiba. Kila umbo lilikuwa na sababu yake kiwandani na matokeo yake mwilini. Na kwa muda mrefu sheria za dunia ziliamua nani alindwe na umbo lipi, bila kumuuliza mtu yeyote wa Uvira.

Silaha za msafara mmoja

Stanley aliorodhesha silaha alizotoka nazo pwani ya Bagamoyo. Ndani ya orodha hiyo mna karne nzima ya historia ya bunduki. Kulikuwa na magumegume 24 kwa ajili ya askari wake. Kulikuwa na bunduki ya tembo iliyotumia risasi za mviringo, nane kwa ratili moja, yaani kila moja karibu gramu 57. Na juu ya hizo kulikuwa na bunduki mbili za Kimarekani, Henry na Winchester, ambazo yeye mwenyewe aliziita bunduki za mapigo 16. Ile Winchester alipewa zawadi na Edward Joy Morris, balozi wa Marekani mjini Constantinople.

Tuanze na gumegume, kwa kuwa ndilo watu wa ziwani walilolijua. Mpigaji alimimina baruti kwenye mdomo wa mtutu, akaishindilia kwa ufito, akatia kitambaa na risasi ya mviringo, akaishindilia tena. Jiwe la gumegume lilipogonga chuma, cheche ziliingia kwenye baruti. Ndani ya mtutu hamkuwa na mikunjo ya kuizungusha risasi, hivyo ilitoka ikigongagonga kuta na kwenda upande iliotaka. Ukivuka hatua mia hivi, kumpata mtu mmoja ilikuwa bahati. Mvua ikinyesha, silaha nzima ikawa rungu.

Gobori hili, hata hivyo, lilikuwa na fadhila moja kubwa: halikumtegemea mtu wa mbali. Baruti ilipatikana kwa wafanyabiashara wa Ujiji. Risasi yenyewe fundi yeyote aliweza kuisubu kwa moto wa kuni, na madini ya risasi yakikosekana, kipande cha chuma kilichofuliwa au hata kokoto vilitosha. Risasi ya mviringo ndiyo umbo ambalo kimiminika hulichukua chenyewe, kwa hiyo lilikuwa umbo la kila mtu.

Kwa magobori ya namna hiyo Muhammad bin Khalfan al-Barwani, aliyejulikana kwa jina la Rumaliza, alijenga utawala wake katika miaka ya 1880 kutoka Ujiji hadi Uvira. Pwani ya magharibi ilimlipa kodi ya pembe na watumwa. Lakini alipoingia Urundi, mwami Mwezi Gisabo alimzuia kwa watu wenye mikuki na pinde. Hilo si ajabu kwa anayejua gobori. Anayeshindilia risasi ya pili husimama kwa muda mrefu, na mwenye mkuki hukimbia.

Ganda jembamba

Bunduki za Henry na Winchester katika mizigo ya Stanley zilikuwa za dunia nyingine. Risasi, baruti na fataki vilikuwa vimekusanywa ndani ya ganda moja la shaba, na fataki hiyo haikukaa katikati ya kitako kama katika risasi nyingi za leo. Ilimiminwa ikiwa majimaji ndani ya ukingo wa kitako, ikakaukia humo. Nyundo ya bunduki ilipoubonyeza ukingo, fataki ilibanwa, ikawaka, na baruti ikashika moto. Katika Henry pini iliupiga ukingo sehemu mbili kwa pamoja, ili upande mmoja ukikosa fataki mwingine uwake.

Wazo hili lilizaliwa Paris. Mwaka 1845 Louis-Nicolas Flobert alitengeneza risasi ndogo za kuchezea shabaha ndani ya nyumba. Mwaka 1857 Smith & Wesson wa Marekani wakatoa risasi fupi ya inchi 0.22 kwa bastola yao ya kwanza. Mwaka 1860 Benjamin Tyler Henry akapewa hataza ya bunduki yake ya inchi 0.44, na mwaka 1866 kampuni ya Oliver Winchester ikaiboresha na kuipa jina lake. Mwaka 1887 kampuni ya J. Stevens ikatoa risasi ndogo inayopigwa kuliko zote duniani hadi leo, ile ya .22 Long Rifle.

Ukishika .22 moja kati ya kidole gumba na cha shahada, utaona ina urefu wa milimita 25 tu. Ganda lake ni jembamba kiasi kwamba meno yangeweza kulikunja. Wembamba huo hauna budi kuwapo, maana ukingo usipobonyea, fataki haiwaki. Lakini ganda jembamba haliwezi kuhimili presha kubwa, na hapo ndipo udhaifu wa jamii nzima ya risasi hizi ulipo. Ile ya Henry ilirusha risasi ya gramu 13 hivi kwa mita 340 kwa sekunde, karibu sawasawa na kasi ya sauti. Zaidi ya hapo ganda lingepasuka.

Kwenye Rusizi risasi hiyo ilikuwa na udhaifu mwingine mkubwa zaidi. Ganda lililokwisha kubonyezwa ukingo halijazwi tena. Stanley akipiga risasi yake ya mwisho ya Winchester, hapakuwa na fundi kati ya Bagamoyo na Uvira ambaye angeweza kumtengenezea nyingine. Njiani, usiku mmoja kwenye ukingo wa Urundi, wezi waliingia mtumbwini wakachukua kamba ndefu ya kupimia kina cha ziwa pamoja na risasi. Walichobeba usiku ule hakikuweza kurudishwa kwa fedha wala kwa shanga. Ndiyo maana bunduki hizi za ajabu zilipita ziwani bila kuacha kizazi, na gobori likabaki.

Kazi ya ncha

Sasa tufike kwenye ncha yenyewe. Risasi za mwanzo za Henry zilichongoka, na baadaye zikaja zenye uso bapa, ambazo ndizo zilizoshinda. Ndani ya bunduki ile risasi zilipangwa kwenye mrija mrefu chini ya mtutu, moja nyuma ya nyingine, ncha ya hii ikigusa kitako cha ile. Kwa risasi yenye fataki ukingoni jambo hilo halikuwa na hatari, kwa sababu katikati ya kitako hamkuwa na kitu cha kuwaka. Fataki ilipohamia katikati, kila mtengenezaji wa bunduki ya mrija alipata tatizo lilelile: ncha kali ikirushwarushwa na mshtuko wa pigo inaweza kuigonga fataki iliyo mbele yake. Wajerumani walipotengeneza bunduki ya mrija ya 71/84, waliikata risasi yake ncha ikawa bapa. Wafaransa walipoweka risasi iliyochongoka kwenye bunduki ya Lebel, walichora mfereji kuzunguka fataki ili ncha ya nyuma itulie pembeni.

Katika kuruka, ncha ina kazi nyingine, na mvuvi wa Kalundu, bandarini Uvira, ataielewa upesi kuliko mwanafunzi wa fizikia. Mtumbwi unaokwenda polepole hauzuiwi sana na umbo la omo. Kinachouvuta nyuma zaidi ni maji yanayozunguka kwenye tezi. Uendeshe kwa nguvu, na omo ndiyo inayoanza kupasua wimbi, na hapo uchongaji wake unakuwa na thamani. Risasi angani ni vivyo hivyo, na wimbi lake huanza inapokaribia kasi ya sauti. Risasi ya .22 inayokwenda chini ya kasi hiyo haipati faida kubwa kwa kuchongoka. Duara la kawaida linatosha. Wapiga shabaha hodari huchagua risasi ya duara inayotoka polepole tangu mwanzo. Ile ya kasi huvuka kizuizi cha sauti ikiwa njiani, inapopungua mwendo, na mtikisiko wa mahali pale huiyumbisha kabla haijafika kwenye shabaha.

Kwa hiyo kwa risasi ndogo za fataki ya ukingoni, tofauti kubwa ya ncha haionekani hewani. Inaonekana inapofika. Ya duara huisukuma nyama pembeni na kupita. Ya bapa huikata na kuiponda. Ile iliyotobolewa tundu nchani hupanuka kama ua likifunguka, ikaachilia nguvu yake yote ndani. Kwa mwindaji wa sungura au kanga, tundu lile ni huruma, maana mnyama hufa papo hapo badala ya kukimbia na jeraha. Uzito wa kitu hicho ni gramu mbili na nusu tu, na milimita chache za umbo la mbele ndizo zinazoamua.

Mafundi walilijua hilo kwa wanyama. Haikuchukua muda likahamishiwa kwa watu.

Sheria ya umbo

Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalitia saini Mkataba Mkuu wa kukomesha biashara ya watumwa. Mkataba huo ulikataza kuingiza silaha katika eneo la Afrika kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, hasa bunduki zenye mikunjo ndani ya mtutu, zinazojazwa kwa nyuma, pamoja na risasi zake. Mlango mdogo uliachwa wazi: magumegume yasiyo na mikunjo na baruti ya kawaida ya biashara, tena kwa ruhusa na usajili.

Sababu iliyoandikwa ilikuwa ya haki. Biashara ya watumwa ilikuwa imeikausha pwani ya magharibi ya Tanganyika, na bunduki ndiyo iliyoibeba. Lakini tuangalie mkataba ulivyofanya kazi. Risasi ya mviringo ikawa ya Mwafrika kwa sheria, na risasi ndefu inayozunguka ikawa ya dola. Askari wa Force Publique, jeshi la Mfalme Leopold, alibeba Albini ya Ubelgiji: risasi ya milimita 11, ya madini laini, butu mbele, iliyotoka kwenye ganda lenye fataki katikati na kufika mbali mara nyingi kuliko gobori. Januari 1894 nguvu za Rumaliza zilivunjwa, na Uvira ikaingia mikononi mwa Dola Huru ya Kongo. Watu waliokuwa wakilipa pembe kwa Ujiji wakaanza kulipa kwa bwana mwingine. Na askari wa Kitetela walipoasi mwaka 1897 katika msafara wa ofisa wao Dhanis, wakatembea vitani kwa miaka hadi kwenye bonde la Rusizi, waliwatisha maofisa kwa sababu moja kubwa: walikuwa na bunduki zilezile za maofisa hao.

Miaka tisa baada ya Brussels ukaja mkutano wa Hague. Katika kiwanda cha silaha cha Dum Dum, karibu na Calcutta, Waingereza walikuwa wametengeneza risasi iliyoachwa uchi kwenye ncha, madini laini yakijitokeza nje ya gamba la chuma, ili ipanuke mwilini. Tarehe 29 Julai 1899 mataifa yakatangaza kwamba hayatatumia risasi zinazopanuka au kubapatika kwa urahisi katika mwili wa binadamu. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza duniani iliyohusu ncha ya risasi.

Lakini ndani yake kuna sentensi ambayo kila mwanafunzi wa historia katika Afrika ya Mashariki anapaswa kuijua. Tamko lile liliwafunga waliotia saini tu, na katika vita vya wao kwa wao tu. Mfuliiru, Mvira au Mrundi aliyepigana na dola moja ya Ulaya hakuwa mtu wa mkataba. Mjumbe wa Uingereza pale Hague alisema waziwazi kwamba dhidi ya wale aliowaita washenzi risasi ndogo ngumu haitoshi, kwani wao huendelea kusonga mbele hata wakiwa wametobolewa. Hivyo ncha iliyokatazwa kumpiga Mjerumani iliruhusiwa kumpiga mtu wa ziwani.

Mwiba

Kabla wino wa Hague haujakauka, viwanda vilikuwa vimegeuka upande mwingine. Mwaka 1898 Wafaransa walianza risasi ya Lebel iliyochongoka mbele na kupunguzwa nyuma kama tezi ya jahazi. Mwaka 1903 Wajerumani wakafuata na risasi yao ya S. Ile ya zamani ya duara ilikuwa na gramu 14.7 na kasi ya mita 640 hivi kwa sekunde. Mpya ilikuwa na gramu 10 na mwendo wa karibu mita 880. Katika kasi hiyo mpya, zaidi ya mara mbili ya sauti, ncha kali ilikuwa na kazi kweli: ilipasua hewa, njia yake ikanyooka, na mpigaji akakosea kidogo zaidi katika kukadiria umbali.

Mwiba huo ulichelewa kufika Tanganyika. Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914, kampuni nyingi za askari wa Kijerumani katika Afrika ya Mashariki bado zilibeba bunduki za mwaka 1871, milimita 11, risasi butu na baruti nyeusi. Kila pigo lilitoa wingu la moshi mweupe lililomwonyesha adui mahali askari alipolala. Bonde la Rusizi likawa mpaka wa vita. Upande wa magharibi walikuwa Wabelgiji na askari wao Wakongo, wakiwa Uvira, Luvungi na Kamanyola. Upande wa mashariki walikuwa Wajerumani na askari wao, kutoka Usumbura. Mwaka 1916 Brigedi ya Kusini ya Wabelgiji chini ya Luteni Kanali Olsen, ofisa mzaliwa wa Denmark, ilivuka mto. Tarehe 6 Juni ikaingia Usumbura. Mwisho wa Julai Kigoma ilikuwa imeanguka, na tarehe 19 Septemba Tabora.

Katika vita hivyo mizigo ilikuwa vichwani mwa watu. Kila sanduku la risasi lililofika Rusizi lilibebwa na mpagazi, na umbo jipya lilimgusa hata yeye: risasi nyepesi kwa theluthi ilimwezesha askari kupewa nyingi zaidi kwa uzito uleule. Maelfu kwa maelfu ya wapagazi wa Kongo na Urundi hawakurudi makwao. Wengi waliuawa na njaa, homa na kuhara, bila kuguswa na risasi yoyote, butu wala ya ncha kali.

Maji na masasi

Waliopigwa risasi hawakuitazama kama fizikia tu. Walitafuta namna ya kuizuia. Mwaka 1905, kusini mwa Afrika ya Mashariki ya Wajerumani, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aligawa maji ambayo yangeigeuza risasi kuwa maji. Vita vya Majimaji viliwaua watu wengi mno, wengi wao kwa njaa iliyofuata. Karibu miaka 60 baadaye imani hiyo ilisimama tena kwenye milima inayoitazama Uvira.

Mei 1964 wapiganaji waliofuata jina la Lumumba waliiteka Uvira, wakiwa sehemu ya uasi ulioongozwa upande wa mashariki na Gaston Soumialot. Walipakwa dawa, wakapewa miiko, na vitani walipaza sauti ya mai, maji, pamoja na jina la Mulele, kiongozi mwingine wa uasi. Masasi, kama watu wa Kivu wanavyoyaita, yangekuwa matone. Mkabala wao lilikuwa jeshi la taifa lenye bunduki za FAL. Bunduki hiyo ilibuniwa Herstal, Ubelgiji, katika kiwanda cha FN kilichoanzishwa mwaka 1889 ili kuliundia jeshi la Ubelgiji bunduki za Mauser. Kiwanda hichohicho kilikuwa kikiunda tangu mwaka 1914 bunduki nyepesi ya Browning ya .22, ya kuwindia na kuchezea shabaha. Nyumba moja iliunda chombo cha kumfurahisha kijana wa Liège siku ya Jumapili na chombo cha vita vya Kongo.

Aprili 1965 Ernesto Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma hadi Kibamba, kusini mwa Uvira, kwa jina la Kiswahili la Tatu. Katika kumbukumbu zake alilalamika kwamba vijana walimwaga risasi zote kwa mfululizo bila kulenga, na kwamba dawa iliwavunja moyo pale mwenzao mmoja alipoanguka. Novemba mwaka huohuo akaondoka. Sisi tunaosoma leo tusiwacheke vijana wale. Babu zao walikutana na risasi ya gobori, ambayo kweli mara nyingi ilikosa, na ambayo mvua kweli iliweza kuizima. Wazo la kwamba maji yanaishinda baruti lilikuwa na msingi wake katika zama za gumegume. Lilikuja kuua pale umbo la risasi lilipobadilika na wazo likabaki palepale.

Herufi kitakoni

Kwenye kitako cha ganda lolote la risasi mna alama iliyogongwa: kiwanda, na mara nyingi mwaka. Ganda dogo la .22 la Winchester kwa miaka mingi liligongwa herufi H, kwa heshima ya yule Henry wa mwaka 1860. Ganda likiokotwa baada ya mapigano, herufi na tarakimu zile husema limetoka wapi. Tangu Baraza la Usalama lilipoweka vikwazo vya silaha kwa makundi ya Kongo Mashariki, kwa azimio 1493 la Julai 2003, wachunguzi wa Umoja wa Mataifa wamekuwa wakizisoma alama hizo ili kumjua aliyepeleka risasi. Ncha humpiga mtu na kupotea; kitako hubaki chini kama shahidi.

Uvira imeokota maganda mengi. Oktoba 1996 vita vilivyoiangusha serikali ya Mobutu vilianzia kwenye bonde hili, na mji wa Uvira ukaanguka katika wiki zake za mwanzo. Mwaka 1998 vita vikarudi. Tangu hapo watoto wa Kavimvira na Mulongwe wamekua wakiitambua sauti ya bunduki kabla ya kujua kusoma. Nao wana haki ya kujua kwamba kitu kinachopita juu ya mabati yao kina historia, kwamba kila milimita ya ncha yake ilichorwa na mtu kwa kusudi, na kwamba waliokaa mezani kuiwekea mipaka hawakuwahesabu babu zao kuwa watu wa kulindwa.

Mwaka 1871, kwenye rasi ya Luvumba upande wa magharibi wa ziwa, Livingstone na Stanley walizingirwa na watu waliojaa hasira juu ya Waungwana wa pwani, kwa kuwa mmoja wa watu hao alikuwa amemuua kijana wa mtawala wa huko. Bunduki zilikuwapo. Livingstone alikunja mkono wa shati, akawaonyesha ngozi yake, akawaambia kwa upole kwamba yeye si miongoni mwa waliowadhulumu. Hapakupigwa hata risasi moja. Waliouzingira mtumbwi walikuwa na dai la damu, wakalipima, wakawaacha wageni waende zao. Hukumu ile ya haki ilitolewa na watu wa pwani ya Tanganyika, miaka 28 kabla ya mataifa kukaa Hague.

Sheria ya Hague ya mwaka 1899 ilihusu vita kati ya mataifa peke yake. Mkataba wa Roma wa mwaka 1998, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, uliifanya risasi inayopanuka kuwa uhalifu, lakini katika vita vya mataifa tu. Vita vya ndani, vya aina ile ambayo Uvira imeijua zaidi, viliachwa nje tena. Juni 2010 nchi wanachama zilikutana Kampala, Uganda, zikakubaliana kuirekebisha ibara ya nane ili katazo hilo liingie pia katika vita vya ndani, kwa kila nchi itakayoridhia. Walimu wa historia wa Uvira, Baraka na Fizi, wekeni tarehe ya Hague na ya Kampala ubaoni, moja juu ya nyingine, wanafunzi watoe wenyewe hesabu. Kutoka Hague hadi Kampala ni miaka 111.